Dorah Kemuma na Ghala la Pamba la Karungu

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, chifu, walimu, jamaa wa hapa Karungu na sisi tuliotoka Rongo kuja kumsindikiza mtu wetu, mimi naitwa Kerosi Machuki, ndugu anayemfuata marehemu kwa kuzaliwa, na familia imenipa heshima ya kusoma historia ya maisha yake. Nitaisoma kwa Kiswahili, kwa sababu nikisoma Kigusii nusu yenu mtasinzia, na nikijaribu Dholuo nusu hiyo hiyo itaanguka chini kwa kicheko, na zaidi ya hayo Kiswahili ndiyo lugha ambayo dada yangu alichumbiwa nayo, ikamfaa miaka yote ya ndoa yake.

Marehemu Mwalimu Dorah Kemuma Obare alizaliwa tarehe 10 Mei 1957 mjini Rongo, akiwa kifungua mimba wa Mzee Mokaya Machuki, aliyekuwa fundi cherehani katika veranda ya duka moja pale barabarani, na Mama Nyatichi, aliyekuwa akiuza ndizi na wimbi sokoni, wazazi waliohama kutoka milima ya Kisii kabla sisi hatujazaliwa, wakaja na Biblia, cherehani na mbegu za mboga. Mama alikuwa akisema kwamba Kemuma alizaliwa akiwa macho wazi, akaangalia dari kabla ya kumwangalia yeye, nasi tulidhani ni maneno ya mama tu, mpaka tulipoona mambo aliyoyafanya uzeeni.

Alianza masomo mwaka wa 1964 katika shule ya msingi pale Rongo, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka wa 1970, akajiunga na shule ya upili ya wasichana mwaka wa 1971 na kumaliza kidato cha nne mwaka wa 1974, kisha akaingia chuo cha ualimu na kuhitimu mwaka wa 1976. Januari 1977 serikali ikamtuma kufundisha Shule ya Msingi ya Nyakwere, hapa Karungu, mahali ambapo hakuwa amewahi kufika, hakujua neno la Dholuo, na alikuwa anaogopa maji. Baba alimwambia, "Nenda, mwanangu, mwaka mmoja tu, halafu tutaomba uhamisho urudi nyumbani." Uhamisho huo, waombolezaji, haujaombwa mpaka leo.

Sababu ya kutoombwa imeketi hapa mbele. Shemeji yetu Javan Obare wakati huo alikuwa kijana, karani wa mizani katika ghala la Chama cha Ushirika cha Wakulima wa Pamba, lile jengo refu mnaloliona mkishuka kwenda ufuoni, na dada yangu alikwenda pale siku moja kuomba pamba kidogo ili awafundishe watoto kushona mito. Wakulima wanakumbuka kwamba pamba ilikuwa ya aina mbili, safi na fifi, fifi ikiwa ile yenye madoa na takataka, na Kemuma kwa adabu yake aliomba fifi. Javan akamwambia, "Mwalimu, fifi siwezi kukupa, hata kama mzungu mwenyewe angerudi aniamuru. Chukua safi." Wiki iliyofuata akarudi kuomba nyingine, na wiki iliyofuata pia, mpaka mwalimu mkuu akamwita ofisini akamuuliza kama shule ilikuwa inafunguliwa bweni, maana mito ilikuwa mingi kuliko watoto.

Walifunga ndoa tarehe 9 Desemba 1979 katika kanisa letu la Waadventista hapa Karungu, na Mungu akawajalia watoto watatu, Linet Adhiambo aliyezaliwa mwaka wa 1980, Chrispine aliyezaliwa mwaka wa 1983, na Teresa aliyezaliwa mwaka wa 1988, ambaye alipewa jina la bibi yake, mama yake Javan. Watu wa hapa walimwita nyar Kisii, yaani binti wa Kisii, na kwa miaka ya mwanzo jina hilo lilikuwa la mgeni, lakini baadaye likawa la mapenzi, mtu akiliita kwa mbali barabarani dada yangu anageuka akiwa tayari anacheka.

Alifundisha Nyakwere kwa maisha yake yote ya kazi, akawa mwalimu wa sayansi ya nyumbani na historia, na mwaka wa 2003 alianza kusomea shahada ya ualimu wakati wa likizo, akahitimu mwaka wa 2008, na sisi ndugu zake tukampikia ng'ombe tukidhani kwamba sasa kiu ya masomo imeisha. Kumbe tulikuwa tumepika mapema.

Mwaka wa 2010, siku ya kutoa zawadi pale shuleni, alikuja mgeni wa heshima, Daktari Bravin Ochola, mtoto wa hapa hapa Karungu, mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Ruma, bewa la Homa Bay, na mwanafunzi wake wa zamani. Baada ya sherehe wakawa wanatembea pamoja kuelekea ufuoni, wakapita ghala la pamba, ambalo wakati huo lilikuwa limefungwa miaka mingi, lipu ya simiti imepasuka na kubanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua, na tayari watu walikuwa wakisema libomolewe. Daktari akasimama, akaweka kiganja ukutani, akasema, "Mwalimu, jengo hili halijafa. Linakosa hewa tu. Mtu amelipaka simiti, na simiti imeliziba pua." Dada yangu akamtazama kuona kama anatania, akamuuliza mambo hayo yanasomewa wapi, naye akamwambia kwamba ni kozi ya uzamili, uhifadhi wa majengo ya kihistoria, anaifundisha yeye mwenyewe.

"Na umri?" dada akauliza.

"Fomu haina sehemu ya kuogopa umri, Mwalimu."

Septemba 2011, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne, mwalimu wa darasa, mke wa mtu na mwenye wajukuu, Dorah Kemuma alijiunga na Chuo Kikuu cha Ruma, darasa la wanafunzi sita, ambamo yeye peke yake ndiye aliyekuwa na meno ya kununua. Shida ya kwanza ilikuwa kwamba masomo yalipangwa Jumamosi, na yeye ni Msabato wa kweli, hawezi kuingia darasani siku ya Bwana, na Daktari Bravin ni Mkatoliki, hawezi kukosa misa ya Jumapili, kwa hiyo Mkatoliki na Msabato wakapatana kukutana Jumapili alasiri, na wanafunzi wengine wakakubali kwa sababu mama huyu alikuwa anakuja na chapati.

Shida ya pili ilikuwa insha yake ya kwanza, ambayo Daktari aliirudisha ikiwa imeandikwa juu kwa kalamu nyekundu neno moja, "Rudia." Vijana wakamtazama kwa huruma, wakimwona mama mtu mzima ameaibishwa, lakini yeye akacheka mpaka akavua miwani, akawaambia, "Msiniangalie hivyo. Huyu daktari wenu, mwaka wa elfu moja mia tisa na tisini nilimrudisha darasa la saba, alilia mpaka mama yake akaja shuleni. Nilijua iko siku atanirudisha na mimi." Daktari Bravin yuko hapa na anatikisa kichwa, lakini hawezi kukana. Insha hiyo aliirudia mara mbili, na ya tatu ikapita vizuri, na tangu hapo yeye alimwita "Daktari" na mwenzake akamwita "Mwalimu," hakuna aliyewahi kumwita mwenzake kwa jina.

Kwa tasnifu yake alichagua ghala la pamba, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuwa magumu nyumbani, kwa sababu shemeji Javan alikuwa sasa ndiye mwenyekiti wa chama cha ushirika, na chama kilikuwa kimeamua kulibomoa jengo hilo na kujenga gorofa ya maduka. Mkandarasi alikuwa amekuja, akatazama nyufa, akasema kuta zimeoza ndani na siku moja zitaangukia watoto, na mwenyekiti alikuwa amelibeba jambo hilo moyoni, hakutaka watoto wafe chini ya uongozi wake. Kwa hiyo katika nyumba moja walilala mwenye kutaka kubomoa na mwenye kuandika kitabu cha kuzuia kubomolewa. Shemeji akatoa amri, "Mama Adhiambo, kwa meza hii tutaongea samaki, watoto na Mungu. Ghala libaki nje." Dada akakubali, na sisi tuliokuwa tukiwatembelea tuliona jinsi walivyokuwa wakipitishiana ugali kwa upole mwingi, kama watu wawili wanaobeba kitanda mlangoni.

Wakati huo alijifunza kupanda ngazi akiwa na sketi na suruali ndani yake, akapima kila dirisha, akachora kila ukuta, akaenda Homa Bay kuuliza wazee waliowahi kufanya kazi na Wahindi wa vinu vya pamba, lakini jibu alilolitafuta alilipata jikoni kwake. Mama mkwe wake, Mama Teresa, wakati huo akikaribia miaka tisini, alimkuta akichuja mchanga alioukwangua ghalani kwenye kichungi cha chai, akamuuliza anafanya nini, na alipoambiwa kwamba anatafuta kujua ukuta ulijengwa kwa kitu gani, yule mzee akacheka. Akamwambia kwa Dholuo, ambayo dada yangu sasa aliisikia kama lugha ya mama yake, kwamba yeye mwenyewe, akiwa msichana mdogo mwaka wa 1936, ghala likijengwa, alibeba maji kutoka ziwani kwa nyungu pamoja na wasichana wengine, wakayamwaga juu ya mawe meupe yaliyochomwa, na mawe yakachemka. "Yalitokota kama ugali," akasema, "bila moto. Tulikimbia tukijua ni uchawi." Kemuma aliweka kichungi chini akamkumbatia mama mkwe wake, kwa sababu sasa alijua kwamba chini ya simiti kulikuwa na chokaa, na ukuta wa mawe na chokaa haupasuki jinsi simiti inavyopasuka, unapumua, unalowa na kukauka. Wale wawili walikuwa wameishi boma moja zaidi ya miaka thelathini wakiheshimiana kwa mbali kidogo, lakini kuanzia siku hiyo kila jioni mama mkwe aliwekewa kiti cha pili jikoni.

Tarehe 16 Agosti 2013 chama kilifanya mkutano mkuu katika uwanja wa shule. Dada yangu hakuwa mwanachama, hakuwa na kura, akapewa dakika chache za kuzungumza, akaeleza kuhusu chokaa, akaeleza kuhusu maji ya gata, yaani mfereji wa paa, lililovunjika yanayoingia kwenye kona, wazee wakasikiliza kwa heshima, wakapiga makofi, kisha wakapiga kura ya kubomoa. Mume wake alinyoosha mkono pamoja na wengi. Mimi nilikuwepo, na nilikasirika, nikataka kumchukua dada yangu twende Rongo, lakini yeye akainuka tena, akasema, "Mwenyekiti, nimeshindwa na nimekubali. Naomba jambo moja tu. Kabla trakta haijafika, mniruhusu mimi na wanafunzi wenzangu tubandue simiti kwa mkono, ili nichore mawe yalivyopangwa. Hata mtu akienda kuzikwa huwa tunamwosha kwanza." Wazee wakaguna, mmoja akasema hilo halina ubaya, na shemeji Javan, bila kumwangalia usoni, akasema, "Imekubaliwa."

Wakaanza Jumatatu, wanafunzi sita, Daktari Bravin, mimi Kerosi ambaye nilikuwa nimebaki kwa ukaidi, na vijana kadhaa wa bodaboda waliokuwa hawana abiria, tukabandua simiti kwa nyundo ndogo na patasi, vumbi likatufanya wote weupe kiasi kwamba mtu hakujua nani Mjaluo na nani Mgusii. Niseme pia, kwa vile ni kweli, kwamba dada alinituma kuzima chokaa mbichi, yaani kuimwagia maji mpaka itokote, kwa ajili ya majaribio, akanionya nisisimame karibu, nikasimama karibu, na viatu vyangu vya kanisani vikaharibika siku hiyo.

Na kadiri simiti ilivyokuwa ikianguka ndivyo ukuta ulivyokuwa ukionekana, mawe mazuri ya kijivu yaliyofungwa kwa chokaa nyeupe, yamenyooka, hayana ufa. Nyufa zote tulizozijua zilikuwa za simiti, zikaondoka nayo, isipokuwa pale kwenye kona ya gata, ambapo mawe machache yalikuwa yamelegea. Watu wakaanza kukusanyika, wakinong'ona, na mtu akaenda kumwita mwenyekiti.

Shemeji Javan akaja na kofia yake, akautazama ukuta kona hadi kona, kisha akaomba ngazi. Akapanda, yeye na umri wake, akatoa kisu cha mfukoni akajaribu kukisukuma katikati ya mawe, kisu kikakataa, akajaribu mahali pengine, kikapinda. Akaingia chini ya mabati akagonga mbao za mvule zilizoshika paa, zikalia kama ngoma. Aliposhuka alikuwa mweupe kama sisi, na machozi yalikuwa yamechora mistari miwili kwenye vumbi, akamwendea mkewe mbele ya watu wote akasema, "Yawa, jamani, Mama Adhiambo. Huu ukuta utatuzika sisi wote, na mimi nilinyoosha mkono uuawe."

Dada yangu akamwambia, "Uliogopea watoto, Baba Adhiambo. Hata mimi ningeogopa." Akampangusa uso kwa leso yake, na leso hiyo ilikuwa na vumbi zaidi ya uso, akazidi kumpaka, na hapo kicheko kilichotoka kilisikika mpaka kwenye mitumbwi.

Wiki iliyofuata mwenyekiti aliita mkutano wa pili, akasimama akasema, "Nimekula meza moja na huyu mama tangu mwaka wa sabini na tisa, na nilimkataza kuongea neno la ghala. Leo namwomba aongee, nami nikae." Akakaa. Mkutano ule haukuwa rahisi, kwa sababu kuna waliotaka maduka kwa haki, na mwishowe ilikubaliwa kwamba maduka ya kawaida yajengwe nyuma, kwenye kiwanja kilichokuwa wazi, na ghala litengenezwe, gata jipya liwekwe, kona ijengwe upya kwa chokaa, na mawe yaachwe yapumue. Mama Teresa aliletwa kwenye kiti siku ya kuzima chokaa ya kwanza, akawafundisha wajukuu zake kumwaga maji na kukimbia.

Tarehe 12 Desemba 2014, Dorah Kemuma alihitimu shahada ya uzamili katika mahafali pale Homa Bay, na mabasi matatu yalitoka Karungu na moja Rongo. Alipopita mbele ya wahadhiri Daktari Bravin alimshika mkono akasema, "Mwalimu, umepita," naye akamjibu, "Na wewe pia umepita, Daktari," kisha akageuka akatafuta kofia ya mumewe katika umati, akavua ile ya mahafali akamvisha, na shemeji yetu alitembea nayo siku nzima, hata kwenye hoteli alikula nayo.

Alistaafu ualimu mwaka wa 2017, lakini hakupumzika, akaendelea kufundisha vijana kazi ya chokaa, na mwaka wa 2019 aliitwa Kehancha kusaidia kutengeneza zahanati ya zamani, akakaa huko miezi mitano, akarudi na maneno ya Kikuria na marafiki ambao leo wamekuja kutoka huko, karibuni sana. Ghala mnalijua wenyewe, siku za soko kina mama wanauza humo samaki na nafaka, watoto wa Nyakwere wanafanyia humo mtihani, na harusi ya Teresa mdogo ilifanyika humo mwaka wa 2016, watu wakajaa mpaka madirishani.

Mwaka wa 2023 alianza kusumbuliwa na moyo, akatibiwa Homa Bay na baadaye Kisumu, akawa anapata nafuu na kurudi tena. Mara ya mwisho akiwa wodini alimwambia muuguzi kwamba ukuta wa nyuma ya kitanda umepakwa rangi ya mafuta ukiwa bado umelowa, utabanduka, na muuguzi akamwambia, "Mama, lala, ukuta haujalazwa, wewe ndiye umelazwa," naye akafurahi sana, akawa anawasimulia wageni wote. Aliomba arudishwe nyumbani, akarudishwa, na tarehe 11 Machi 2025, asubuhi, baada ya kunywa uji na kuomba pamoja na mume wake, alilala usingizi akiwa ameshikwa mkono naye, hakuamka tena, akiwa na umri wa miaka sitini na saba. Ameacha mume wake Javan Obare, watoto watatu, wajukuu tisa na kitukuu kimoja.

Watu wengi wametuuliza wiki hii kama nyumba yake itageuzwa kuwa ya makumbusho, na jibu alilitoa yeye mwenyewe. Alituambia, "Nyumba yangu ni ya Javan kulala, si ya wageni kuangalia, na mtu asinipigilie kibao mlangoni. Wajukuu wakipasua kioo, wawekeni kingine." Tumesikia, na tutafanya hivyo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Homa Bay na Kisumu waliomtunza na kucheka naye, majirani wa Karungu mliolala hapa na kupika tangu siku ya kwanza, walimu wa Nyakwere, Daktari Bravin na wanafunzi wake waliochimba kaburi na kulijengea kwa chokaa bila kuambiwa na mtu, wanachama wa ushirika, kanisa letu, wageni wa Kehancha, na watu wetu wa Rongo mliosafiri usiku. Shemeji Javan, tulikupa dada yetu kwa mwaka mmoja, na hatujutii hata siku moja ya zile ulizoongeza.

Kemuma, binti wa Mokaya Machuki, nyar Kisii, Mama Adhiambo, kazi yako imesimama na watu wako wameshiba furaha uliyotupa. Lala kwa amani, pumzika katika mikono ya Mungu uliyemwamini. Uliniambia nisirefushe kusoma mpaka chakula kipoe, nami tangu utotoni sijawahi kukushinda kwa ubishi. Nimemaliza, dada.